Mama Pleti Anajibu: Anga la Kibo Limetoka Zambarau

Mfuko wa barua mwezi huu una kilio kimoja kwa sauti nyingi: rangi niliyoiona kwenye kompyuta siyo niliyoletewa kwenye boksi. Najua sababu. Kampuni za utalii za Arusha zinachapa vipeperushi vya wageni, kwaya zimeanza kuwaza kalenda, na wenye harusi na kipaimara cha Desemba wameshaanza kuzunguka na sampuli za kadi. Kwa hiyo maswali ya kujalidi vitabu nimeyaweka kando, yatajibiwa toleo lijalo.

Kwa msomaji mgeni: nimefanya kazi ya uchapaji miaka 29 hapa Moshi. Nilianza enzi za filamu, tunakata kwa wembe juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, filamu nne kwa kila ukurasa wa rangi, na ukipiga chafya zote zinahama. Jina la Mama Pleti nilipewa na mafundi mashine kwa kuwa nilikuwa sitoi pleti, lile bati la kuchapia la kila wino, mpaka nikague faili mara mbili. Siku hizi nakagua nikiwa nyumbani Rau, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Hilo dirisha mtalisikia tena huko chini.

*Shikamoo Mama Pleti. Mimi ni dizaina, niko Sakina, Arusha. Nilitengeneza kipeperushi cha kampuni ya utalii: picha kubwa ya Kibo, anga la bluu kali, chini yake migomba. Kwenye laptopu kilikuwa moto wa kuotea mbali. Tumechapa nakala 3,000, anga limetoka zambarau na migomba imefifia kama ina kiu. Mteja hataki kulipa. Kiwanda kinasema faili ni langu. Kosa ni la nani?*
*Kijana wa Sakina*

Marahaba mwanangu, na pole. La kosa nitalijibu mwishoni. Kwanza uelewe kilichotokea, maana mteja atakuuliza na ukibabaika ndiyo hutalipwa kabisa.

Laptopu yako inatengeneza rangi kwa taa tatu: nyekundu, kijani na bluu. Ndiyo hiyo RGB. Zikiwaka zote kwa nguvu unaona nyeupe. Mashine ya ofseti, ile ya kiwandani inayochapa kwa pleti, haina taa. Inaanza na karatasi ambayo tayari ni nyeupe, halafu inaipunguzia weupe kwa wino wa sayani (bluu ya kuelekea kijani), majenta (wekundu wa waridi), njano na mweusi, yaani CMYK, K ikiwa nyeusi. Kuna rangi ambazo taa inaziweza na wino hauziwezi, hata mashine iwe imeshuka bandarini jana. Bluu kali ya skrini ni mojawapo. Kijani cha jani la mgomba lililopigwa na mvua ni nyingine.

Sasa twende kwenye namba. Chukua bluu tupu ya skrini, yaani 0, 0, 255: nyekundu na kijani zimezimwa, bluu imewaka yote. Igeuze kwa profaili (maelekezo ya kugeuza rangi za taa kuwa za wino) ya Kimarekani ya SWOP, ambayo Photoshop za watu wengi zimekaa nayo bila wenyewe kujua. Utapata sayani 88 na majenta 77. Asilimia 77 ya majenta ndani ya anga! Mpe fundi wa mashine mchanganyiko huo bila kumwambia ni wa nini, atadhani unachapa ratiba ya Kwaresima. Skrini haikukuonyesha zambarau kwa sababu ilikuwa bado inakuonyesha taa, na ubadilishaji ulifanyika mwishoni, wakati wa kutoa PDF, wewe ukiwa umeshafunga macho.

Kwenye bluu yoyote iliyokolea mimi hushika hili: majenta iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Anga la mlima huwa naanza na C75 M30 (sayani asilimia 75, majenta 30) kule juu, likishuka kuelekea upeo C35 M8, njano na nyeusi zikiwa sifuri au karibu na hapo. Utasema bluu hiyo ni ya kawaida mno. Ni ya kawaida, ndiyo, lakini ni bluu.

Namna ya kufanya: geuza picha kwenda CMYK mwenyewe, mapema, kisha fungua dirisha la Info la Photoshop na upitishe mshale juu ya anga. Soma namba. Skrini ya laptopu, tena ukiwa umekaa kibarazani mchana, haiwezi kukuambia ukweli kuhusu majenta, lakini 77 ni 77 hata gizani. Punguza majenta kwa Curves au kwa kuchagua bluu peke yake. Kabla ya kugeuza, bonyeza Ctrl na Y pamoja. Photoshop itakuigizia jinsi wino utakavyoonekana. Watu hawaipendi hiyo Ctrl na Y kwa sababu inafifisha kazi yao nzuri. Afadhali ikufifishie wewe saa tano usiku kuliko kumfifishia mteja mchana mbele ya wageni wake.

Migomba: kijani cha kuchapa ni sayani na njano. Adui yake ni majenta, kwa kuwa inakivuta kuelekea udongo. Angalia kwenye majani yenye mwanga; ukikuta majenta 35 au 40, ishushe hadi 10 au 15, na njano iache ipande mpaka 90 na kitu. Hutapata kile kijani cha skrini, ila utapata mgomba usiokuwa na kiu.

Na kwa kuwa umeleta Kibo, niseme la theluji, hukuuliza lakini nimeliona kwenye picha uliyoniambatishia. Mashine zetu hazina wino mweupe. Theluji unayoiona kwenye kipeperushi ni karatasi yenyewe, imeachwa wazi. Ukichapa kwenye karatasi ya bondi, ile ya kawaida isiyopakwa, yenye umanjano kidogo, Kibo yako ina theluji ya maziwa mgando. Ukiiacha sifuri kila mahali, mlima unapata kipara, huoni mikunjo wala barafu. Acha nukta za wino za asilimia 3 mpaka 5 kwenye sehemu zenye umbo, na sifuri ibaki pale jua linapogonga tu.

Profaili gani? Piga simu kiwandani uulize kabla hujaanza kazi. Kama wana profaili yao watakutumia, kama hawana, mimi kwa karatasi ya art, ile laini iliyopakwa, huanzia Coated FOGRA39, ambayo ni ya ofseti ya kawaida. Kwa bondi kuna profaili zake za karatasi isiyopakwa. Usichape bondi kwa namba za art, karatasi ile inanywa wino kama kitambaa.

Haya, kosa. Kubwa ni lako, kwa sababu hukugeuza faili na hukuuliza. Dogo ni la kiwanda: nakala 3,000 za picha ya kurasa mbili hazipaswi kuingia mashineni bila mtu kusaini prufu, yaani nakala ya majaribio. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kilomita 80 hivi, prufu ingekufikia jioni ileile kwa Coaster. Kaeni watatu, mgawane. Na safari nyingine hakuna saini, hakuna pleti.

*Mama Pleti shikamoo. Nina stesheneri Majengo hapa Moshi. Nimechapisha kadi za harusi 400 kwa mteja. Maandishi meusi, hasa yale ya mwandiko wa kulala, yana kivuli chekundu upande mmoja na bluu upande wa pili, mpaka majina ya wazazi hayasomeki vizuri. Pia ile dhahabu imetoka kama haradali. Faili nilitengeneza kwa Word. Fundi anasema rejista ilihama kidogo. Nifanyeje?*
*Dada wa Stesheneri*

Marahaba mama. Fundi hasemi uongo, rejista, yaani kukaa kwa rangi moja sawasawa juu ya nyingine, ilihama, na huhama kidogo kila siku kwa sababu karatasi ikipita kwenye maji na wino inatanuka. Ila herufi zako zisingejali kama zingekuwa nyeusi ya kweli.

Word haijui CMYK. Nyeusi yake ni taa zote tatu zikiwa zimezimwa. Ikigeuzwa kwa profaili ileile ya Kimarekani niliyomtajia kijana wa Sakina, inakuwa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Maana yake jina la baba wa bibi harusi limechapwa mara nne, pleti nne, moja juu ya nyingine, na kila mstari mwembamba wa mwandiko wa kulala unatakiwa upige palepale penye wenzake. Pleti ya majenta ikisogea kwa unene wa unywele, kivuli chekundu hicho.

Maandishi meusi yawe K100 peke yake, sayani, majenta na njano zote sifuri. Pleti moja, hakuna wa kugombana naye. Tengeneza kadi kwenye CorelDRAW, Illustrator au InDesign. Kama huna, toa PDF kutoka Word lakini mwambie kiwanda kwa maandishi kabisa: nyeusi yote ya herufi igeuzwe iwe K tupu. Mtu wa pleti mwenye programu ya kukagua PDF anafanya hilo kwa dakika chache. Canva nayo, toleo la bure hutoa RGB. Chaguo la CMYK liko kwenye toleo la kulipia, na hata hapo kagua herufi zako moja moja.

Nyeusi ya eneo kubwa ni habari nyingine. K100 peke yake kwenye jalada zima inaonekana kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Hapo saidia nyeusi na wenzake: C60 M40 Y40 K100, jumla 240, inatosha sana. Na tafadhali, ile rangi inayoitwa Registration kwenye orodha ya InDesign usiiguse. Inafanana na nyeusi lakini ni asilimia 100 ya kila wino, jumla 400. Ni ya alama za kukatia tu.

Dhahabu sasa. Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka mtu analia. Hakuna dhahabu ndani ya CMYK. Dhahabu inang'aa kwa kurudisha mwanga, na njano iliyochanganywa na majenta kidogo hairudishi chochote, ni haradali tu, hata uipe jina zuri. Mteja akitaka dhahabu, kuna njia mbili: wino wa metali unaowekwa peke yake kama rangi ya tano, au foili ya kubandikwa kwa joto. Zote zina bei yake. Mwonyeshe mama harusi sampuli ya haradali na ya foili ukiwa bado hujapokea hela, achague mwenyewe. Zile 400 ulizo nazo, haradali mwachie, wengine watadhani ni mtindo, lakini majina ya wazazi ni lazima yarudiwe. Kadi ya harusi ambayo ukoo hauwezi kusoma jina la baba mzaa chema hiyo siyo kadi.

*Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni kwaya, tulichapa kalenda ukubwa wa A3 mwaka jana. Nguo nyeupe zilionekana vizuri lakini nyuso zetu zikawa nyeusi tii, macho na meno tu. Wengine walitoka wekundu. Wanakwaya wawili walikataa kuuza. Picha zilipigwa na mpiga picha mzuri, akatutumia kwa WhatsApp. Mwaka huu tusaidie.*
*Katibu wa Kwaya, Arusha*

Amina. Barua hii nimeisoma mara tatu, maana hili jambo limeniudhi tangu enzi za filamu. Vitabu vya kufundishia uchapaji nilivyokuta kazini vilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye kikapu cha matunda, na namba zote za ngozi zilikuwa zake. Za kwetu tumejifunza kwa kuharibu.

Mambo matatu yalijumlishana. La kwanza liko kwenye kamera. Joho jeupe kwenye jua la saa saba linaidanganya kamera kwamba mwanga umezidi, inaubana, na nyuso zinazama. Mwambie mpiga picha apime mwanga usoni, joho lipotee kidogo ikibidi. Bora zaidi apige saa mbili asubuhi au chini ya kivuli cha mti, na afungue faili ghafi la kamera na kuinua nyuso kabla ya kugeuza rangi.

La pili ni mashine. Nukta ya wino hunenepa ikikandamizwa kwenye karatasi. Ile uliyoipanga asilimia 50 hutua ikionekana kama 65 hivi kwenye karatasi ya art, na kwenye bondi inazidi hapo. Ngozi yetu iko palepale katikati, ambapo nukta hunenepa zaidi. Profaili sahihi inalihesabu hilo. Profaili ya kubahatisha hailihesabu, na ndiyo mnabaki macho na meno.

La tatu ni uwiano. Kwa shavu lenye mwanga la mtu mweusi wa kawaida, mimi hulenga karibu na C35 M50 Y58 K5. Upande wa kivuli vyote vinapanda, na nyeusi inaingia zaidi, 25 au 30. Tazama njano: iko juu ya majenta. Majenta ikiipita njano, mwanakwaya anatoka mwekundu kama ametoka kuota moto. Sayani ikiikaribia majenta, anakuwa wa kijivu, kama kapakwa majivu. Watu hutofautiana, kwa hiyo msipake namba moja kwa soprano wote. Chagueni nyuso nne, mweusi sana, wa maji ya kunde, mweupe na wa katikati, msome namba zao, mrekebishe.

Sisemi muwachubue. Dizaina mmoja, simtaji wala mji wake, aliambiwa nyuso ni nyeusi akampaka mwenyekiti wa kwaya mkorogo wa Photoshop mpaka mke wake akauliza ni nani huyo. Kazi ni kufungua vivuli ili pua, shavu na paji la uso vionekane vina umbo. Mtu mweusi abaki mweusi, mwenye uso.

Kuna la suti nyeusi za wanaume, safu ya nyuma. Jumlisheni namba nne za wino kwenye koti: nikikuta 90, 85, 80 na 95, hiyo ni 350. Kwa karatasi ya art msizidi 300, kwa bondi shukeni mpaka 260 au 280, na gazeti huwa karibu 240. Wino ukizidi haupati pa kwenda. Unakaa juu mbichi, karatasi inayofuata inaulalia, na Februari inatokea na koti la bass mgongoni. Moshi mwezi wa saba, mawingu na baridi, nimeshaona kazi ikikaa siku mbili ndipo ikakatika bila kuchafua.

Na WhatsApp. Ikitumwa kama picha, WhatsApp inaikandamiza na kuitupa sehemu kubwa ya pikseli. Ukurasa wa A3 kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji 3508 kwa 4961. Atume kama dokumenti, au kwa flashi. Arusha siyo kubwa hivyo.

*Mama Pleti, habari za huko. Mimi ni mzee wa Kibosho, katika chama chetu cha msingi tunakaanga kahawa kidogo na kuipaki wenyewe. Mifuko ya kwanza nembo yetu ilikuwa kijani kizuri. Ya pili kijani kimekuwa cha jeshi. Ya tatu, kahawia ya maandishi imekuwa na wekundu. Wanunuzi wameanza kuuliza kama kahawa ni ileile.*

Shikamoo baba. Wanunuzi wako wana haki ya kuuliza, rangi ya mfuko kwao ni sahihi ya chama.

Nianze na kijani cha jeshi. Nadhani mfuko wa pili ulikuwa wa karatasi ya kaki, ile ya kahawia. Wino wa ofseti unapitisha mwanga kama kioo cha rangi, hauzibi. Kijani juu ya kahawia ni sawa na kuweka kitambaa chembamba cha kijani juu ya mbao, unaona vyote viwili. Mkitaka kaki, ulizeni kama wanaweza kuweka wino mweupe kwanza chini ya nembo. Kama hawawezi, chapeni lebo nyeupe mbandike, au chagueni nembo nyeusi tupu kwa mifuko ya kaki. Kahawa yenyewe inatoka vizuri tu kwenye nyeusi.

Wekundu ni habari ya mchanganyiko. Kahawia yenu imetengenezwa kwa wino wote wanne, kila mmoja kiasi fulani. Fundi akifungua majenta nywele moja zaidi siku hiyo, anga halitaonyesha, kahawia itaonyesha. Kahawia na kijivu ndizo zinazosema ukweli kuhusu fundi. Dawa yake ni kutumia wino mmoja uliokorogwa tayari. Kampuni ya Pantone ya Marekani ilitoa kitabu chake cha kwanza cha namba za rangi mwaka 1963, na mpaka leo viwanda vingi vina hicho kitabu chenye vipande kama feni. Chagueni kijani kimoja na kahawia moja kwa namba, na kila oda iandikwe namba hizo. Baada ya namba kuna herufi: C ni kwa karatasi iliyopakwa, U kwa isiyopakwa. Wino ni uleule, karatasi ndiyo inayoubadilisha, kwa hiyo angalieni ukurasa unaolingana na mfuko wenu.

Kwa wino mbili tu kazi yenu inaweza hata kuwa rahisi kuliko kwa nne, muulize bei zote mbili.

Na baba, weka mfuko mmoja uliokubaliwa, usainiwe na mwenyekiti na mtu wa kiwanda, ukae ndani ya bahasha kabatini. Usiubandike ukutani ofisini, jua litaufanya uwe shahidi wa uongo. Mkija kulinganisha, lisheni macho kwa mwanga mmoja. Viwanda vinavyofuata kanuni vina taa maalumu ya Kelvin 5,000. Mimi nina dirisha la Rau, saa nne asubuhi, mlima ukiwa umefunikwa kidogo, jua lisipige moja kwa moja. Chini ya tyubu ya dukani rangi mbili zinaweza kufanana kabisa, mkitoka nje zikaachana.

*Mimi ni mwanafunzi wa usanifu, Njiro. Ni lazima ninunue skrini ya bei mbaya na kifaa cha kuipima?*

Hapana, siyo sasa. Punguza mwanga wa skrini uliyo nayo mpaka karatasi nyeupe iliyo mezani isionekane ya kijivu pembeni yake, zima ile hali ya usiku inayoleta umanjano, usitengeneze rangi ukiwa umeipa mgongo dirisha lenye jua. Halafu omba kiwanda kimoja kikuchapie, pembeni ya kazi ya mtu mwingine ambapo karatasi ingetupwa, mraba wa rangi zako ishirini na namba zake chini. Kipande hicho ni kitabu chako. Kifaa cha kupima utanunua ukipata mteja wa pili anayelipa.

*Mama Pleti, unatusema sana. Wewe hujawahi kuharibu kazi?*
*Mchokozi wa Kiboriloni*

Nilijua siku moja mtauliza.

Ilikuwa kalenda ya chama cha kuweka na kukopa, nakala 1,500, kijani toka juu mpaka chini, jina la chama kwa herufi nyeupe kubwa. Mteja alituletea nembo yake ikiwa nyeusi. Kwenye programu, maandishi meusi huwa yanawekwa ovaprinti, yaani yachape juu ya rangi ya chini bila kuitoboa, na kwa nyeusi ni jambo jema. Mimi nikabadilisha rangi kutoka nyeusi kwenda nyeupe. Ovaprinti sikuiondoa. Kwenye skrini jina lilikaa jeupe, limeng'aa. Kwenye pleti, nyeupe ya ovaprinti maana yake ni "usitoboe chochote, usiweke wino wowote". Jina likaondoka. Nilikagua faili mara mbili kama kawaida yangu, mara zote mbili kwenye skrini ileile iliyokuwa inanidanganya.

Fundi alichapa usiku, asubuhi nikakuta mirundo ya kijani kitupu yenye tarehe. Mshahara wangu ulikatwa miezi minne. Tangu hapo sitoi pleti bila kufungua PDF kwenye Acrobat, kuwasha onyesho la ovaprinti na kuzima wino mmoja mmoja kuona kila pleti imebeba nini. Inachukua dakika mbili. Nembo nyeupe yoyote naigonga kwanza nione kama ovaprinti imezimwa.

Kalenda moja bado iko jikoni kwangu, nyuma ya mlango. Wageni huuliza ni ya chama gani. Lakini kijani chake, jamani, kilikaa vizuri sana.